Dhoruba Iliyonirudishia Mama

Tangu nirudi kutoka Sur, kila nikikutana na mmoja wenu naulizwa, hata kahawa haijamiminwa: "Zuwena, ilikuwaje?" Wengine mmekuja nyumbani, mkamkuta mama amekaa sebuleni na tasbihi yake, mkanipa mkono wa pongezi kama mtu aliyeshinda kesi. Nimeona bora niandike mara moja niwatumie nyote, maana kila ninaposimulia kwa mdomo kuna kipande nakiruka. Hapa sitakiruka.

Nizwa, kabla ya mvua

Mnajua mambo yalivyokuwa. Baba alipofariki, mama alihamia kwangu. Mie ndiye mkubwa, na nyumba yangu ina nafasi. Alikaa miaka mingi, na sikuwahi kufikiri kama kuna siku atakaa kwengine. Kisha baridi moja miguu ikawa inamuuma sana, na mdogo wangu Raya, aliyeolewa Sur, akapiga simu: "Mlete kwangu, dada. Huku pwani hakuna baridi. Mwezi mmoja tu." Mwezi ukazaa mwezi. Joto likaja likapita, baridi nyingine ikaingia, na kwangu kulikuwa na kitanda kilichotandikwa ambacho hakilali mtu.

Raya alikuwa akituma picha kwenye kundi la familia. Mama ametiwa hina. Mama amevaa kanga mpya. Mama anakula pweza wa nazi, yeye aliyekuwa akiniambia pweza anamsumbua tumbo. Kuna moja amecheka mpaka kinywa kiko wazi, na mie nilikaa jikoni nikiikuza kwa vidole nione anacheka nini. Sikumjibu Raya. Nilikuwa naweka alama ya moyo, kisha naifuta.

Kilichoniuma zaidi ni Shamsa, binti wa Raya. Anafanya kazi ya utabiri wa hali ya hewa Maskati, na kila siku humpigia bibi yake wakazungumza Kiswahili. Kibovu, ngeli zote kazichanganya, lakini anazungumza. Wanangu mie humjibu bibi yao kwa Kiarabu, na Kiarabu cha mama, pamoja na miaka yote hii ya kukaa Omani, hakikupita cha sokoni. Nilipokuwa nikiwalea nilifikiri watakifuata Kiswahili wenyewe.

Basi siku moja Shamsa akatuma ujumbe wa sauti. Alikuwa akimwambia bibi yake, lakini aliutuma kundini na sote tukausikia.

"Bibi, munkhafadh mkubwa anakuja. Sikiliza, bibi. Juu kabisa iko hewa baridi sana, imetoka kaskazini, mbali. Chini yake iko bahari yetu, na bahari bado moto, sababu amekula jua majira yote ya joto. Hewa ya bahari inapanda na maji yake. Ikipanda, chini inabaki kama shimo, na upepo inakimbia kutoka kila upande kujaza ile shimo, na inaleta maji nyingine, na nyingine. Umefahamu, bibi? Mwambie mama apandishe vitu juu. Na wewe usilale chini."

Munkhafadh ndiyo dhoruba yetu ya baridi. Jamaa zetu wa Unguja hudhani huku hakuna mvua. Ni kweli hakuna, mpaka siku inapokuwepo. Yale mawingu ya baharini yakikuta milima yetu imesimama hayana pa kwenda ila juu, na juu ndiko iliko baridi, basi humwaga yote yaliyoyabeba. Milima ni mawe matupu, hainywi maji. Yote hushuka, na yale mabonde makavu tunayoyaita wadi, ambayo mwaka mzima watu hupita na magari na kulaza mbuzi, hugeuka mito kabla birika halijachemka. Na wadi zote za upande ule zinaelekea baharini, kwenye miji kama Sur.

Mtu mwema angesikia hayo akaingiwa na hofu. Mie, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema moyoni: haya, hiyo ndiyo pwani yao ya raha. Sasa nakwenda kumchukua mama yangu, na hakuna atakayekuwa na neno.

Mume wangu akasema, "Subiri ipite."

"Ikishapita," nikamwambia, "nitakuwa sina sababu."

Alinitazama, akarudi kwenye gazeti lake. Kuendesha hakutaka. Nikatafuta teksi.

Nizwa mpaka Sinaw

Dereva alikuwa mtu wa makamo, kanzu safi, kofia imekaa upande. Alinisalimia kwa Kiarabu, nikamjibu kwa Kiarabu, nikakaa nyuma na sanduku la halwa mapajani. Halwa ile niliifuata kwa mpishi mwenyewe, ikiwa bado na moto. Nilitaka mama aionje mbele ya Raya.

Mbingu ya Nizwa ilikuwa nyeupe tu, haina dalili. Tulipopita Izki upepo ukaanza kusukuma gari ubavuni. Simu ya dereva ikalia, akaipokea, na nikamsikia anaongea Kiswahili. Cha bara, cha kule Burundi, wanakotoka Waomani wengi wa Ibra.

"Niko njiani, mke wangu. Nimebeba mama mmoja wa Nizwa, anakwenda Sur... Leo, ndiyo, na mvua yote hii inayokuja. Hasemi kitu. Amenuna tangu tumetoka, uso kama amelamba ndimu." Akasikiliza, akacheka. "Mimi nafikiri mume wake ameoa mke mdogo huko Sur. Anawafuata. Wivu unamtoka mpaka kwenye masikio."

Nilimwacha amalize. Nilimwacha hata akaeleza nilivyolikumbatia lile sanduku kana kwamba kuna bomu ndani. Alipokata simu nikasema kwa Kiswahili:

"Si mke mwenza, baba. Ni mdogo wangu."

Gari lilitoka kidogo barabarani likarudi. Akanitazama kwenye kioo, masikio yamemwiva.

"Mama, nisamehe. Wallahi nisamehe."

"Na halwa hii si bomu."

Alicheka kwa haya, nikajikuta nacheka na mie, mara ya kwanza siku ile. Jina lake Humaid. Alizaliwa Bujumbura, akaletwa Omani akiwa mtoto. Tulipofika Sinaw akanilazimisha kunywa chai ya maziwa kwa gharama yake. Sokoni wenye mbuzi walikuwa wanapakia wanyama wao haraka haraka, bei hawasikilizani tena, kila mmoja akitazama upande wa mashariki. Kule mbingu ilikuwa imejaa rangi ya risasi.

"Na huyo mdogo wako," Humaid akauliza, "amekuchukulia nini?"

"Mama yangu."

Hakucheka tena.

Wadi

Mvua ilitukuta kabla ya Ibra. Haikuanza kwa matone, ilianguka yote pamoja kama mtu kapindua pipa. Humaid alikwenda taratibu, taa zimewaka, mpaka tukakuta safu ya magari yamesimama. Mbele yake wadi imeshuka. Barabara inaingia kwenye maji ya rangi ya chai na upande wa pili inatoka, na katikati hapana barabara.

Mnawajua watu wetu. Mvua ilipopungua, kila gari likafunguliwa, mikeka ikatandikwa kwenye mawe, birika za kahawa zikatoka. Watoto walipiga kelele kila kigogo cha mtende kilipopita. Mama mmoja wa Adam, aliyekuwa na wajukuu kama sita, aliona sanduku langu akauliza, "Mnakwenda harusini?" Nikasema hapana. Akadhani namficha, akaanza kuniombea bwana harusi mema, na wenzake wakaitika amin. Nilichoka kukanusha.

Saa zikapita. Simu ya Raya ilikuwa inalia haipokelewi, kisha ikawa hailii kabisa. Nikamfuata Humaid pale ukingoni.

"Maji yamepungua. Tupite."

"Hayajapungua, mama."

"Gari kubwa lile linajitayarisha. Tulifuate nyuma."

"Mama, maji haya hayajui kama una haraka."

"Nitakulipa zaidi!"

"Unipe mimi au umpe mjane wangu?" akasema, na kabla sijajibu, tangi kubwa la maji, la plastiki, lile la kuwekwa juu ya nyumba, likaja likibingirika katikati ya mkondo, likapiga jiwe, likapasuka kwa mlio kama bunduki. Watoto wote wakanyamaza. Mwenye gari kubwa akazima injini. Nikarudi mkekani nikakaa.

Wale wajukuu wa mama wa Adam walikuwa na njaa, biskuti zimekwisha, na mdogo wao analia. Nililitazama sanduku langu, nikawaza uso wa Raya utakavyokuwa nikilifungua. Mtoto akalia tena. Nikalifungua. Halwa ya mama yangu ikaliwa kwa vidole na watu nisiowajua ukingoni mwa wadi, na wote wakasema Mungu ambariki bwana harusi.

Ibra

Jua lilipokuwa linakwenda kuzama, maji yakashuka tukavuka hadi Ibra. Kwenda mbele haikuwezekana, askari walikuwa wameifunga njia ya Sur. Humaid hakuniuliza. Alinipeleka kwake.

Mkewe Thuraya ndiye aliyekuwa kwenye simu. Alinipokea mlangoni ameinamisha macho, maana alikwishajulishwa kwamba nilisikia yote. Alinipa nguo kavu, akaniletea arsia, ule wali uliopondwa na kuku mpaka ukawa kama uji mzito, na pembeni bakuli la ndizi na maharage ya kupikwa Kibujumbura. Nilikula vyote viwili kama mtu aliyetoka kufunga.

Mama yake Humaid, Bi Salma, alikuwa amekaa kitandani anatetemeka kwa baridi ndani ya mablanketi. Nilimwamkia, "Shikamoo," akafurahi kusikia Kiswahili, akaniuliza naenda wapi. Nikamweleza. Nilimweleza vizuri kuliko nilivyomweleza mume wangu: ule mwezi mmoja, picha, pweza.

"Mie nina wana wanne," akasema. "Wananigawana kama nyama ya Idi. Mwezi huu mguu kwa Humaid, mwezi ujao mguu kwa kaka yake kule Bidiya. Nikizoea choo cha hapa, nahamishwa. Dawa zangu ziko nyumba tatu."

"Lakini wote wanakutaka, Bi Salma."

"Wananitaka, ndiyo. Kuniuliza ndio hawaniulizi." Akamgeukia Thuraya. "Na chai hii haina tangawizi."

Thuraya akenda kutia tangawizi. Nilijisemea kwamba mimi si kama wanawe, mimi nakwenda kumwokoa mama yangu kwenye mafuriko. Nilijisemea hivyo mara kadhaa.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Shamsa, kutoka Maskati. Katika maisha yake hakuwahi kunipigia peke yangu.

"Mamkubwa, uko wapi? Mama hapokei. Bibi hapokei. Mtandao ya Sur imekatika."

"Niko Ibra. Kumetokea nini Sur?"

"Upepo inatoka baharini, Mamkubwa. Inasukuma bahari ndani. Na leo..." Akasita, akatafuta neno. "Ile maji ikipanda sana, bibi alinifundisha neno yake."

"Bamvua."

"Ewa, bamvua. Na wadi inakuja kutoka nyuma. Maji ya wadi inataka kutoka, bahari inasema hapana. Nyumba yetu iko katikati." Nikamsikia anavuta pumzi. "Mimi naona yote hapa kwenye kioo, Mamkubwa. Naona wingu iko juu ya mama yangu. Siwezi kufanya kitu. Nimewaambia siku tatu. Baba yuko kazini jangwani. Mama alisema sawa, sawa, lakini iko peke yake na bibi hawezi ngazi."

Alikuwa analia. Nikamwambia, "Nitafika, mwanangu. Njia ikifunguliwa tu, nitafika." Na ajabu ya moyo: hata pale, katikati ya hofu, kuna sauti ndogo ndani yangu ilisema, bibi alimfundisha neno bamvua. Wanangu alikuwa anawafundisha nini? Hakuna, maana hawakumuuliza.

Ibra mpaka Sur

Njia ilifunguliwa asubuhi. Humaid alikataa kumwachia mtu mwingine nafasi ya kunipeleka. Thuraya alitujazia gari mikate na maji.

Mbingu ilikuwa imesafishwa, buluu kabisa, kama haikufanya kitu. Chini mambo mengine. Penye mchanga kulikuwa na maziwa ya maji, na ngamia wamesimama kuyatazama. Kwenye njia panda ya Wadi Bani Khalid askari walikuwa wanarudisha magari, na Wazungu wawili wenye mikoba mgongoni walikuwa wamekaa juu ya jiwe, viatu mkononi, tope mpaka magotini, wanangoja kuambiwa waende wapi. Tuliwapa mkate. Al Kamil hapakuwa na mkate dukani hata mmoja, wala umeme, na mwenye duka alikuwa akiuza mishumaa kwa watu waliojipanga.

Kitu kimoja sikukitegemea: msafara. Magari ya watu wa Nizwa, Ibra, Adam, yamepakia pampu, magodoro, masufuria makubwa ya wali yaliyofunikwa kwa mablanketi yasipoe. Vijana wameketi juu ya mizigo wanaimba. Nikaona vibao vya mji wangu, nikaona haya. Wale walikuwa wanakwenda kusaidia Sur. Mie nilikuwa nakwenda kuchukua changu.

Sur

Mtaa wa Raya uko karibu na bahari. Humaid alisimamisha gari mbali, kwa sababu mbele kulikuwa na mashua mbili za uvuvi zimelala katikati ya barabara, moja imeegemea mlango wa benki. Nilivua viatu nikaenda kwa miguu. Nyumba zote zilikuwa zimetoa matumbo yao nje: magodoro, majokofu, makabati, mazulia yametundikwa kutani yakichuruza. Kwenye kuta kulikuwa na mstari wa tope, umenyooka nyumba hadi nyumba, unanifika kifuani.

Raya alikuwa uani kwake, ameikunja suruali, kichwa kimefungwa kanga, anasukuma tope kwa fagio la mpira na mkono mmoja. Aliponiona akasimama.

"Mama yuko wapi?" nikasema. Hata salamu sikutoa.

"Alhamdulillahi, nasi hatujambo, dada."

"Nimekuuliza mama yuko wapi!"

"Skuli. Wazee wote wamewekwa skuli, kuko juu na kukavu."

"Umemtupa skuli na watu asiowajua, na wewe uko hapa unaokoa mazulia?"

Aliyejibu ni jirani, mwanamke mnene mwenye ndoo mkononi, ambaye Kiswahili hajui lakini ukali wa sauti hauhitaji tafsiri. "Wewe ndiye dadake?" akaniuliza kwa Kiarabu. "Maji yaliingia kwa milango miwili kwa pamoja. Huyu alimbeba mamake mgongoni, maji hapa." Akajipiga kifuani. "Akampandisha ngazi za nje za kwangu. Tulimvuta dirishani. Bega lake hilo limetoka." Kisha akamwaga ndoo yake, karibu na miguu yangu kuliko ilivyohitajika.

Nikalitazama bega la Raya. Kweli, mkono mmoja ulikuwa umening'inia. Mdogo wangu ni mwembamba, mnamjua, na mama si mwepesi, hasa baada ya ule pweza. Ningependa kuwaambia kwamba nilimkumbatia. Nilichohisi kwanza ni wivu. Yeye ndiye aliyembeba. Nilisafiri njia yote ile nikijiona mwokozi, na kazi ilikwishafanywa na mtu mwingine, nami sikuachiwa kitu cha kufanya.

Skuli nilimkuta mama darasani, juu ya godoro, chini ya picha za herufi, amevaa abaya ya mtu. Wanawake wamemzunguka wanacheka, naye anawaeleza jambo kwa Kiarabu chake cha sokoni na mikono miwili. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanishika uso, akanitazama, wala hakushangaa kuniona. "Raya amekula?"

Nilisafiri siku mbili kulisikia hilo.

"Sijui, mama."

"Tangu jana hajala. Mpelekee chakula, mwanangu. Mie hapa nimeshiba."

Nilimpelekea. Wali wa msafara, wa watu wa Nizwa. Raya akala amesimama, mkono mmoja, nami nikachukua lile fagio.

Humaid alirudi kwake, nikabaki. Tulifanya kazi siku kadhaa mie na Raya, karibu hatusemi. Tope la bahari na wadi likichanganyika lina harufu ambayo sabuni haiiwezi. Tulitupa unga, mchele, kitanda cha mama, picha za harusi ya Raya. Tulikuwa tunalisugua zulia, yeye anamwaga maji, mie niko magotini, ndipo yakatoka.

"Ulisema mwezi mmoja," nikasema.

"Kwani nilimfungia mlango? Kila siku alikuwa anauliza, Zuwena anakuja lini. Namwambia, mpigie. Anasema, hapana, amenuna, mwache atakuja mwenyewe. Hukuja hata Idi!"

"Ulikuwa unatuma picha kunionyesha."

"Nilikuwa natuma picha umwone! Na miaka yote alipokuwa kwako, dada, wewe ulinitumia ngapi? Nilikuwa nasikia sauti yake kwa simu, wewe umesimama pembeni unamwambia, haya mama, inatosha, mwache Raya afanye kazi zake. Kazi gani? Nilikuwa nimekaa nangoja simu."

Nilitaka kukataa, nikakumbuka maneno yale yale, kwa sauti yangu ile ile. Maji yaliendelea kumwagika kwenye zulia mpaka yakaanza kutoka safi.

"Bega linauma?" nikauliza.

"Linauma."

"Nipe hiyo ndoo."

Jioni ile akasema, bila kunitazama, "Mchukue. Kuta zimelowa, ataanza kukohoa. Baridi yote hii nyumba haitakauka." Akaingia ndani haraka. Hicho ndicho nilichokifuata. Nilikipata, nami sikujua pa kukishika.

Nikakumbuka malalamiko ya Bi Salma, nikaenda skuli nikamuuliza mama. Sikumwambia, "Nimekuja kukuchukua." Nilimuuliza, "Mama, ungependa kukaa wapi?"

Akafikiri. "Ningependa kukaa hapa," akasema. "Lakini nikikaa, Raya atakuwa ananitazama mie badala ya kutengeneza nyumba yake. Nitakwenda na wewe." Kisha, kama aliyenionea huruma: "Na kwako nako ni kwangu."

Kurudi

Humaid alikuja kutuchukua. Raya alimkalisha mama, akamfunga mkanda, akamtengeneza mtandio, akaufungua, akautengeneza tena. Mie nikaingia upande wa pili. Nilitaka kumwambia Raya kitu kikubwa, nikamwambia, "Nitakutumia picha."

"Kila siku," akasema.

"Kila siku."

Ile njia ndefu mama aliizungumza yote na Humaid. Alimuuliza wazazi wake, Bujumbura, bei ya teksi. Alimwambia kwa nini mvua ile ilikuwa kubwa, hewa baridi juu, bahari ya moto chini, kama alivyofundishwa na Shamsa, na Humaid akasema, "Kumbe!" kila mahali panapostahili. Mie nilikaa nikisikiliza, na nisiwaambie uongo, nilimwonea wivu hata Humaid.

Baada ya Ibra mama akawa anatazama nje. Pale wadi ilipotuzuia maji yalibaki vidimbwi, na mtu alikuwa anaoshea gari lake. Milima ya Nizwa ikaanza kuonekana. Mama akageuka, macho yamechoka.

"Raya," akasema, "nipe maji."

Humaid akanitupia jicho kwenye kioo, kisha akalirudisha barabarani haraka. Mama alikuwa ananitazama mie, usoni, ananyoosha mkono.

Nikafungua chupa.

"Labeka, mama," nikasema, nikampa.

Akanywa taratibu, akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akanirudishia chupa.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akauweka mkono wake juu ya wangu, na hakuuondoa mpaka tukafika nyumbani.